Mimi Ndiye Avant

Tangu mwezi wa tatu, nikipita barabara kuu ya mji wa Baraka vijana wa moto, wale wa pikipiki za abiria, wananiita Avant. Arlette, jina nililobatizwa nalo na kuandikiwa kwenye diploma ya Serikali, limekufa bila matanga. "Avant, Après ulimwacha wapi?" Kuna mmoja ananiuliza hivyo kila akinipita, na kila mara anacheka kana kwamba amelibuni wakati uleule. Mwanzoni nilijibu. Kwa majibu mimi sijambo, walimu walinitoa darasani kwa ajili ya majibu. Siku hizi ninapita tu, beseni kichwani, kama mtu aliyeziba masikio kwa pamba.

Nieleze ilivyoanza, tena kwa utaratibu, maana nikianzia kwenye hasira nitajaza ukurasa matusi, na mama yangu anajua kusoma.

Sisi tunakaa Lweba, ziwa mbele, milima nyuma, na katikati mchanga wetu wa kuanika ndagala. Mitumbwi inarudi asubuhi, Mama Constance, mama yetu, anapatana na wavuvi, halafu sisi mabinti wake wawili, Rosette na mimi, tunawamwaga wale samaki wadogo juu ya neti na kuanza kuwageuza. Mtu ambaye hajawahi kukausha ndagala anadhani kazi inafanywa na jua, sisi tumekaa pembeni tunasukana nywele. Kumbe ndagala anataka kugeuzwa saa ileile jua liko utosini, saa ambayo mchanga unakuchoma hata kupitia sapato. Ukingoja jua lipoe, upande wa chini umelainika na inzi wameshapanga nyumba. Ukimgeuza kwa saa yake anatoka mkavu, rangi ya fedha, anavunjika kama biskuti, na bamama wa Kilembwe wanamgombania. Magamba yake, madogo kama vumbi la kioo, yanatufuata mpaka kitandani. Jumapili kanisani, wakati wa mahubiri, kazi yangu ni kutafuta magamba kwenye shingo ya Rosette na kuyabandua kwa ukucha.

Sasa pale mchangani tuna redio ndogo ya betri, tunaiweka juu ya jiwe. Inatoa matangazo ya vifo, inatoa habari za barabara, na katikati ya vifo na barabara inatoa Nurubelle. Sauti ya mwanamke, laini kama anaongea na mtoto mgonjwa, inasema, "Mama, ju nini ubakie mu giza?" Siku ya kwanza nilifikiri wanauza taa za sola. Nikafurahi, maana yetu ilikuwa imekufa. Kumbe ni pomadi ya kujipaka, na giza lenyewe ni sisi.

Tangazo lilipita asubuhi, likapita saa sita, likapita kabla ya jina la marehemu na baada ya jina la marehemu. Mimi nikawa najibizana nalo. Yule mama wa redio akiuliza ju nini nibakie mu giza, namwambia ni kwa sababu shirika la umeme halijafika Lweba, ahamie huko yeye na mwanga wake. Rosette, ambaye kwa kawaida hucheka hata vichekesho vyangu vibovu, hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake. Jioni alikuwa anatazama simu, na ndani ya simu kulikuwa na wanawake wa Kinshasa na wa wapi sijui, wote rangi moja, kama waliochovywa kwenye ndoo moja kisha wakaanikwa kivulini.

Na ukweli usemwe: Rosette ni mzuri. Ninasema hivyo bila kujisifu, ingawa tunafanana mpaka baba yetu, Mungu amweke pema, alikuwa akituita kwa zamu akitafuta jina. Yeye ni mweusi wa kung'aa, ana macho makubwa na shingo ndefu, na huko Baraka sokoni hakuna asiyemjua Rosette wa ndagala. Hiyo ndiyo iliyomleta Papa Wilfried.

Papa Wilfried ana butike ya vipodozi Baraka. Ni mtu mwenye maneno matamu, shati safi, na ni mweusi kuliko mimi. Hilo la mwisho naomba mlikumbuke. Alikuja mchangani kwetu na viatu vyake vya ngozi, akamwamkia mama kwa heshima, akaeleza shida yake. Mwanamke aliye kwenye makopo ya Nurubelle, bateja hawamwamini. Hawamjui. Hakuna aliyepata kumwona akinunua muhogo. Yeye anataka kutundika bashi kubwa mbele ya butike, lile turubai la picha mnaloona kwenye harusi na kampeni, na juu yake awepo mtu ambaye Baraka yote inamjua, amepigwa picha mara mbili: avant, kabla ya kupaka, na après, baada ya kupaka. Liwe tayari kwa Huit Mars, siku ya wanawake, bamama wote wakiandamana wapite chini yake.

"Rosette, uso yako iko ya biashara," alimwambia. "Inaomba tu kusafishwa."

Mimi nilimwuliza kama na yake ilikataa sabuni. Mama akanikanyaga mguu.

Rosette alikubali hapohapo. Alitoka kwenye ndagala, akanawa uso ziwani, akavaa blauzi yake ya kitenge cha njano, akasimama mbele ya kijana wa kamera aliyekuja na Papa Wilfried. Yule kijana akamwambia asicheke. Akamwambia ainamishe kidogo kichwa, afikirie jambo la huzuni, maana avant hacheki. Dada yangu, ambaye hata akichomwa na mwiba anacheka, akakunja uso kama amefiwa. Halafu yule kijana akasema acheke kidogo, ya kujaribu mwanga tu. Akacheka. Wakamwachia katoni ya Nurubelle na mwavuli mkubwa wenye jina hilohilo, wakaenda zao. Picha ya après, Papa Wilfried alisema, wataipiga siku chache kabla ya Huit Mars, akishatakata.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Nyuma ya kopo, kwa herufi za mguu wa chawa, kuliandikwa kwamba anayepaka asikae juani. Mtu ameandika hilo akiwa wapi, mimi sijui. Alikuwa hajafika Lweba.

Rosette akaja mchangani na mwavuli. Alishika mwavuli kwa mkono mmoja, akageuza samaki kwa mkono wa pili, akisogea polepole kama bibi arusi. Jioni tulipokusanya, katikati ya ndagala wakavu kulikuwa na njia pana ya ndagala laini, wamelala palepale kivuli kilipopita. Ungeweza kufuata nyayo za dada yangu kwa kufuata inzi. Siku ile mama aliwatenga wale laini pembeni. Siku ya pili kivuli kikapita tena, na mama akasema.

"Kunja ile mwavuli."

"Mama, jua inaniharibia kazi."

"Jua njo kazi," mama akajibu, yaani jua ndilo kazi yenyewe.

Basi Rosette akatafuta ujanja. Akawa anageuza alfajiri, kabla jua halijakaza, na tena jioni likishalegea, na katikati anajifungia ndani. Saa za utosini akaniachia mimi. Mimi mwenye diploma, niliyekuwa nangoja mahali pa kufundisha, nikawa nageuza samaki wa watu wawili huku redio juu ya jiwe inaniuliza ju nini nibakie mu giza. Niliizima. Mama akaiwasha, kwa sababu ya vifo.

Lakini alfajiri Rosette alikuwa anatoka na mikono aliyotoka kuipaka. Na pomadi ile inanukia, inanukia kama harusi tatu zimekutana mlangoni. Sisi tulikwisha kuizoea, hatukuisikia tena. Walioisikia ni watu wa Kilembwe.

Mama Marie-Rose ndiye anayechukua ndagala zetu kuzipeleka huko juu. Ni mteja wetu tangu mimi niko shule ya msingi. Siku hiyo alirudi na gunia lake likiwa limejaa bado, akaliweka mbele ya mama, akalifungua, akasema, "Constance, unuse." Mama akainama, akanusa, akainuka na uso wa mtu asiyeelewa. Mama Marie-Rose akasimulia. Bamama wa Kilembwe wamemrudishia. Wanasema sombe yao, mboga ya majani ya muhogo, inanukia saluni. Mmoja mumewe aliweka kijiko chini akamwuliza kama leo amepika ama amejipaka. Mwingine alidhani ni dawa ya kuwapatia wanaume, akanunua mara mbili, na huyo pia amerudi, kwa sababu mume hakubadilika.

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa peke yangu. Mama Marie-Rose alisema kwa sauti ya chini kwamba safari ijayo atajaribu kununua kwa watu wa Nundu, hasira yake si kwetu, lakini samaki ni samaki. Akaenda. Mama akabaki anaangalia gunia.

Usiku haukuingia kabla hajamwita Rosette. Alimwambia achague: samaki ama uso. Mikono yenye Nurubelle isiguse tena ndagala zake hata moja. Nilijua Rosette atajibu kwa machozi, ndiyo kawaida yake. Safari hii alijibu makavu.

"Mama, tangu nizaliwe niko mu jua. Bantu ya Baraka banajua beseni yangu, banajua kipimo yangu. Mi nataka mara moja tu banitazame juu, bila kutazama beseni."

Mama akaliinua gunia, akalisogeza ukutani.  

Rosette akaingia ndani, akabaki ndani. Na nisiwe mwongo: mwanzoni alitakata kweli. Jumapili kanisani bamama walimzunguka wakimshika mashavu, wakisema Rosette umekuwa mtoto wa Kizungu, na waliponigeukia mimi walisema, "Na weye je, unangoja nini?" Nilisema nangoja mvua. Nikarudi nyumbani nikajitazama kwenye kipande cha kioo muda mrefu kuliko kawaida, na hilo lilinikasirisha kuliko yote. Uso wangu ulikuwa haujanifanyia ubaya wowote. Sasa nilikuwa nautazama kama mgeni aliyechelewa kuondoka.

Halafu pomadi ikaanza kudai. Viungo vya vidole vyake vilikataa katakata, vikabaki vyeusi, mkono ukawa kama umevaa pete za makaa. Chini ya macho kukachoma. Mashavu yakawa mekundu, yakaambuka, yakaacha mabaka, hapa rangi ya chai, hapa rangi ya nyama. Hakuweza kukaa karibu na mbabula kupika. Moto wa makaa tu ulimliza. Muuguzi alimwambia aache leo. Rosette akamwambia ataacha baada ya picha. Nikamwambia yaya, ndivyo ninavyomwita dada yangu, picha ya nini, watakupiga upande gani, hakuna upande uliobaki? Akasema Papa Wilfried amemwahidi, na baada ya kupigwa itapona, na bashi litabaki. Aliongezea nyingine juu, ili itakate zaidi kabla ya siku yenyewe. Nilimnyang'anya kopo, akalichukua. Nilificha katoni kwenye banda la kuku, akaikuta. Kuku mmoja alilamba, nikawa namchunguza kila asubuhi kama anabadilika rangi. Ndiyo hali niliyofikia.

Siku ya picha ilipofika nilimsindikiza Baraka, maana hakutaka kwenda peke yake. Alijifunga kitambaa, macho tu nje. Njia nzima kwenye moto alinishika kiuno. Tuliteremka mbele ya butike, na mimi ndiye niliyeinua kichwa kwanza.

Bashi lilikuwa limeshatundikwa.

Lilijaa upana wote wa butike. Upande wa kushoto alikuwa dada yangu amekunja uso, na walikuwa wamemwongezea weusi. Mtu hawezi kuwa mweusi vile isipokuwa amekaa ndani ya tanuri la makaa. Chini yake: AVANT. Upande wa kulia alikuwa dada yangu anacheka, rangi ya unga wa muhogo, ngozi laini kama haijapata kuumwa na mbu. Chini yake: APRÈS. Kijana mmoja wa moto aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake alitazama bashi, akanitazama mimi, akatazama tena bashi, akawaita wenzake. "Avant huyu hapa," aliwaambia. Hapo ndipo nilipobatizwa upya. Wala hakukosea. Rosette alikuwa ndani ya kitambaa, na uso uliokunjwa pale juu, barabarani nilikuwa nimebaki nao mimi.

Rosette aliniuliza polepole, kama mtu anayezinduka, inakuwaje limetundikwa na yeye hajapigwa picha ya pili. Papa Wilfried akatoka mlangoni, amefurahi, mikono wazi. Anatuuliza tunaonaje.

"Papa Wilfried," dada yangu alisema, "ile ya pili mulinipiga lini?"

"Siku ileile. Ile ya kujaribu mwanga. Petit wa kompyuta kule Uvira alitengeneza vizuri, ama?"

"Na pomadi? Mi nilipaka ju ya nini?"

Hakuonyesha aibu, na hilo ndilo lililoniudhi mpaka leo. Alishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu.

"Ile nilikupatia zawadi. Kupaka ni ya bateja, Rosette. Weye uko modeli."

Nilikuwa na maneno kumi tayari mdomoni, yote mabaya. Sikuyatumia, kwa sababu Rosette alikuwa ameinua kichwa anaangalia bashi kwa makini, kama anavyoangalia ndagala kujua kama wameiva. Halafu akanyoosha kidole chenye kiungo cheusi.

"Arlette, ulisahau kunibandua."

Nikatazama. Shingoni, chini ya sikio, palikuwa na gamba la ndagala. Kwenye avant linang'aa. Kwenye après linang'aa, mahali palepale, kubwa kama sarafu, maana bashi limekuza kila kitu. Yule petit, kijana wa kompyuta wa Uvira, alikuwa amebadilisha ngozi, amefuta kovu la nyusi, amenyoosha hata blauzi. Gamba alidhani ni pambo.

Tulirudi Lweba kwa miguu sehemu kubwa ya njia, yeye ndiye aliyetaka. Hakulia. Alinisimulia mipango yake yote ya Huit Mars: angevaa kitenge cha siku hiyo, angeandamana mstari wa mbele, akifika chini ya bashi angepunguza mwendo kidogo. Kidogo tu, alisema, si sana. Alipofika nyumbani aliichukua katoni, akaimwaga kwenye shimo la choo kopo moja baada ya jingine. Alinawa kwa maji matupu, siku hiyo na siku zilizofuata. Huit Mars yenyewe hakuandamana. Bamama waliandamana chini ya uso wake yeye akiwa amelala akiutazama ukuta, na waliporudi walimpelekea salamu, wakasema bashi lake ni zuri sana.

Siku ya soko iliyofuata aliamka kabla yangu. Nilimkuta amesimama mbele ya mama, anaomba beseni la ndagala. Mama akamsogelea. Alishika mikono ya Rosette, akaiinua puani, akainusa mbele, akaigeuza akainusa nyuma, taratibu, kama anavyonusa samaki wa mtu asiyemwamini. Kisha akamjazia beseni mpaka likawa na kilele.

Kwa kawaida sisi tunakaa upande wa ndani wa soko, pamoja na wauza samaki wengine. Rosette hakuingia ndani. Alikwenda mpaka butike ya Papa Wilfried, akaweka kigoda chini ya bashi, katikati kabisa, avant kwenye bega la kulia na après kwenye bega la kushoto. Akaweka beseni miguuni. Halafu akafungua kitambaa.

Mimi niliyemzoea nilitaka kugeuza macho. Jua la asubuhi lilikuwa linampiga usoni na hakuna baka lililojificha. Beseni lilikaa vibaya juu ya jiwe, linagongagonga, ndagala wanacheza. Nikachutama karibu yake nikalishika beseni, lisimwagike.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mkimbizi wa Burundi, Mama Kezimana, ambaye hununua kwetu kila soko. Alichagua ndagala, akainua macho kulipa, akayaacha juu ya uso wa Rosette, akayapandisha kwenye bashi, akayashusha tena.

"Si weye ule?" aliuliza.

"Njo miye," Rosette akasema. "Ile ya huku ni asubuhi moja, na ile ya huku ni asubuhi ileile. Angalia gamba. Na hii unaona hapa chini, hii njo ya Nurubelle."

Sauti yake haikuwa kubwa. Lakini ni sauti ya muuza samaki, inafika. Mwingine akasimama, na mwingine. Wakawa wanatafuta gamba kwa vidole, huko juu, wanabishana, mmoja anasema ni hereni, mwingine anamwuliza toka lini hereni inakaa shingoni. Mama mmoja aliyekuwa anatoka butike na mfuko mweusi alisimama, akamshika Rosette kidevu bila kuomba ruhusa, akamgeuza uso huku na huku, akarudi ndani na mfuko wake. Tukasikia sauti ikipanda kule ndani.

Papa Wilfried akatoka. Kwanza alikuja na utamu: Rosette mwanangu, ingia ndani tuongee, hapa barabarani ju ya nini. Rosette akampimia mtu ndagala. Akaja na ukali: hapa ni mbele ya butike, hapa si soko. Rosette akampimia mwingine. Mwisho akainama karibu, akashusha sauti, na mimi niliyekuwa nimeshika beseni nilisikia kila neno.

"Iko pomadi ingine," alisema. "Ya kurudisha. Nitakupatia."

Dada yangu alimtazama yule mwanaume mweusi, mwenye shavu safi ambalo halijapata kupakwa chochote isipokuwa maji ya kunyolea.

"Anza weye," alimwambia. "Mi nitangoja après yako."

Bamama walicheka, na kicheko cha bamama wa sokoni si kitu cha kupigana nacho. Papa Wilfried akaingia ndani, akatoka na ngazi. Alipanda mwenyewe, akakata kamba, bashi likaanguka upande mmoja likafunika mlango wake. Alipoanza kulikunja, Rosette alikuwa ameshasimama.

"Lete."

Papa Wilfried alisema bashi ni la butike. Rosette akasema, "Uso ni yangu." Bamama walikuwa bado wamesimama na mabeseni yao, hakuna aliyekuwa na haraka. Papa Wilfried akamtupia.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo Baraka ilitubu. Haikutubu. Redio juu ya jiwe bado inatuuliza ju nini tubakie mu giza. Papa Wilfried ameweka bashi jipya, na safari hii ni mwanamke ambaye hakuna anayemjua, kwa hiyo hawezi kuja kukaa chini yake. Bateja wamerudi, si wote, lakini wa kutosha. Mama Marie-Rose alirudi pia, akanusa gunia kwanza, akachukua. Uso wa Rosette unapona polepole. Mabaka mengine muuguzi anasema yatachukua muda, mengine hasemi. Anageuza ndagala saa ya utosini kama zamani, amejifunga kitambaa chepesi, na mimi nimerudi kufanya kazi ya mtu mmoja. Lakini jina langu mjini limebaki Avant, na hilo hakuna muuguzi wake.

Bashi tunaanikia. Ni turubai zuri, zito, halipitishi maji ya chini, lina nafasi kuliko neti zetu zote. Tunalitandaza mchangani uso juu, tunamwaga ndagala juu ya dada yangu na juu ya dada yangu, tunaanza kugeuza. Juzi, tulipokuwa tunawageuza, Rosette alisimama kidogo upande wa après akausafisha kwa kiganja, akabaki anautazama.

"Lakini alikuwa muzuri, ama?" aliniuliza.

Nilitaka kumpiga na ufagio. Nilitaka kumwambia kwamba huyo wa upande wa pili, aliyekunja uso, ndiye anayefanana nami, na hajapata kuuliza kama alikuwa muzuri. Nikainama nikageuza samaki. Jua lilikuwa utosini na kazi ilikuwa inangoja.

Mama alikuwa amekaa pale penye redio, anasikiliza nani amekufa. Alikuwa ameshachunguza turubai lake siku kadhaa na kujua tabia yake, kwamba upande mweusi unashika moto wa jua kuliko ule mwingine.

"Arlette," aliita, bila kugeuka. "Za kwa avant zilishakauka. Uzitoe. Za kwa après ziache kwanza, bado mbichi."